Somo la Sita: Kuchagua Chombo Imara cha Maji Mafupi na Matope



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humkanya mvivu, na kwa jembe inafaa. Kwa chombo cha majini haifai. Aliyepata jembe baya hubadilisha mpini jioni na kesho akarudi shambani. Aliyepata chombo kibaya huenda asirudi nyumbani, na akirudi hubaki na deni la chombo kilichooza kabla mkopo wake haujaisha.

Somo hili linamhusu mtu anayekusudia kununua au kuundisha chombo cha kufanyia kazi katika maji mafupi yenye tope: bonde la mafuriko la Kilombero, kingo za Ziwa Rukwa, mafunjo ya Ziwa Victoria, au mikono ya delta ya Rufiji. Mwishoni mwa somo, msomaji aweze kufanya mambo matatu: kupima maji yake mwenyewe, kulinganisha vyombo kwa umbo na kwa malighafi, na kuandika mapatano yatakayomlinda iwapo chombo hakitafaa.

Jambo moja tunaliweka mbele ya mengine yote. Muuzaji akisema "hiki ni imara", msomaji aulize: imara kwa maji gani? Hakuna chombo kilicho imara kila mahali. Boti iliyoundwa kukata mawimbi ya ziwa kuu itakwama na kuchubuka kwenye tope la Kilombero. Na boti inayoteleza vizuri juu ya tope hilo inaweza kupinduka ikipelekwa ziwani alasiri upepo ukivuma. Kwa hiyo maji ndiyo yanayochagua chombo. Kazi ya mnunuzi ni kuyajua maji hayo vizuri, kisha kuyaeleza kwa muuzaji kwa maandishi.

1. Kupima maji kabla ya kwenda kwa fundi

Tunashauri kipimo kifanyike mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua kabisa. Anayepima wakati wa masika hupata jibu la miezi michache, na chombo atakitumia mwaka mzima. Katika Ziwa Rukwa, ambalo kina chake ni kifupi, ukingo wa maji husogea mbali sana kati ya miaka ya mvua nyingi na miaka ya ukame. Katika delta ya Rufiji hesabu ni ya kila siku, kwa kuwa maji hujaa na kupwa. Huko kipimo kifanyike wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi mwisho.

Kifaa kinachohitajika ni mti ulionyooka wenye alama za kila sentimita 10. Kwanza, msomaji apigilie kibao kidogo kama sahani kwenye ncha ya mti, kisha auteremshe taratibu hadi kibao kiguse tope. Hicho ndicho kina cha maji. Halafu aondoe kibao na kuudidimiza mti hadi ugome. Tofauti ya vipimo viwili ni unene wa tope laini. Apime mahali pasipopungua kumi katika njia anayopita kila siku, na aandike kipimo kidogo kuliko vyote, maana chombo hukwama mahali pamoja tu.

Unene wa tope una maana yake. Tope la sentimita 10 juu ya mchanga mgumu huruhusu mtu kushuka na kusukuma. Tope la nusu mita au zaidi halimruhusu. Anayeshuka humezwa hadi mapajani na anaweza kushindwa kujitoa. Mahali kama hapo chombo lazima kiweze kujinasua watu wakiwa ndani yake.

2. Umbo la chini

Kwa maji mafupi, chombo chenye kitako bapa huzama kidogo kuliko chenye umbo la V kikibeba mzigo uleule, kwa sababu uzito wake huenea juu ya eneo kubwa la maji. Msomaji anaweza kukadiria mwenyewe. Tuchukue chombo chenye kitako bapa cha urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 6, lakini kwa kuwa omo huchongoka, tuhesabu sehemu nne kwa tano tu, yaani mita za mraba 4.8. Kila sentimita moja inayozama husukuma lita 48 za maji, nazo hubeba takriban kilo 48.

Sasa tujumlishe mzigo: chombo chenyewe kilo 200, injini na mafuta kilo 60, watu wawili kilo 140, nyavu na samaki kilo 80. Jumla ni kilo 480. Tukigawanya kwa 48, chombo kitazama sentimita 10. Wakiongezeka watu wawili na magunia mawili ya mpunga, tuseme kilo 240, kitazama sentimita 15. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inatosha kumuuliza fundi swali la maana: "Kikiwa na mzigo wangu, chombo hiki kitazama kiasi gani?" Fundi anayeijua kazi yake atajibu kwa namba au atakubali kupima mbele ya mteja.

Mambo mengine matatu ya umbo yachunguzwe. La kwanza ni omo. Omo iliyoinuka kwa mteremko hupanda juu ya tope na kulaza matete. Omo iliyosimama wima hujichimbia. La pili ni ulaini wa kitako. Mbao zilizopishana kingo, vichwa vya misumari na mkuku mrefu hushikwa na tope, na tope likishika chombo bapa hukinyonya kama kikombe kilichofunikwa juu ya meza yenye maji. La tatu ni kimo cha ubavu. Tunashauri ubavu ubaki sentimita 30 au zaidi juu ya maji chombo kikiwa na mzigo wake wote. Ubavu mfupi hurahisisha kuvuta nyavu, lakini huruhusu wimbi moja kuingia.

Hapa tunatoa onyo. Kitako bapa hupigwa na mawimbi, na mzigo ukihamia upande mmoja katika maji yaliyochafuka, chombo hupinduka kwa ghafla. Msomaji ambaye njia yake inatoka mafunjoni na kuvuka ziwa wazi asichukue chombo bapa kabisa. Atafute umbo la katikati, lenye V fupi mbele na kitako bapa nyuma, na akubali kwamba kitazama kidogo zaidi.

3. Malighafi

Mtumbwi wa gogo bado ndio chombo cha wavuvi wengi wa Kilombero, na si kwa umaskini pekee. Hauna kiungio hata kimoja cha kuvuja, na unasukumwa kwa upondo mahali ambapo injini haifiki. Udhaifu wake ni wembamba, kwani huyumba, na nyufa zinazotokea ukiachwa juani. Anayenunua mtumbwi achunguze ncha zote mbili, ambako nyufa huanzia, na akatae uliozibwa ufa mrefu kwa lami au vipande vya bati.

Chombo cha mbao kinaundwa na kukarabatiwa karibu kila mwalo, nayo ni sifa kubwa. Uimara wake hutegemea mambo manne: aina ya mti, ukavu wa mbao, misumari na kalafati. Mvule na mninga hustahimili kuoza kuliko mbao nyepesi za bei nafuu. Mbao mbichi hunywea zikikauka na kufungua viungio. Misumari ya kawaida huota kutu na kuozesha mbao inayoizunguka, hivyo tunashauri misumari iliyopakwa zinki. Mbao za kitako zisipungue unene wa sentimita 2.5. Mahali panapooza kwanza ni pale panapolowa na kukauka kwa zamu: chini ya mataruma, kwenye ngama, na usawa wa maji. Katika delta, ambako maji ni ya chumvi, kuna pia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Huko chombo kipakwe rangi ya kuzuia wadudu na kipandishwe nchi kavu mara kwa mara.

Boti ya faiba haiozi na haihitaji kalafati. Adui yake katika maji mafupi ni msuguano. Mchanga na changarawe vilivyofichwa ndani ya tope husugua ngozi ya nje, na ikishachubuka maji hupenya katika nyuzi na kuzidhoofisha polepole. Anayechagua faiba aulize kitako kina tabaka ngapi, na aombe kiongezewe utepe wa kinga mahali panapogusa chini. Aidha, achunguze ubao wa nyuma unaofungiwa injini. Mara nyingi ndani yake kuna mbao iliyofunikwa faiba. Matundu ya boliti yasipozibwa vizuri, mbao hiyo huoza kimya kimya huku nje ikionekana mpya.

Boti ya aluminiamu ni nyepesi, na ikigonga kisiki mara nyingi hubonyea badala ya kupasuka. Kwa kazi ya kila siku tunashauri kitako kisipungue unene wa milimita 3, na viungio viwe vya kuchomelewa kuliko vya ribiti, kwa kuwa ribiti hulegea kwa mitikisiko. Katika maji ya chumvi aluminiamu huliwa ikigusana na shaba au chuma, hivyo boliti na vifungio vichaguliwe kwa uangalifu.

Wawindaji wa bata mwitu wa Marekani, hasa katika vinamasi vya Louisiana, huingia katika maji yanayofanana na haya: mafupi, yenye tope, yaliyosongwa na majani. Wengi wao wamechagua boti za aluminiamu zenye kitako bapa. Tunawataja kwa sababu mfano wao una mafunzo mawili. Umbo walilolichagua ndilo tunalolipendekeza hapa, maana tope ni tope popote. Malighafi yao, hata hivyo, ni suala jingine. Wao wakitoboa boti, fundi wa kuchomelea aluminiamu yuko karibu. Kuchomelea aluminiamu kunahitaji mashine na gesi maalumu, tofauti na uchomeleaji wa chuma wa kawaida. Kabla ya kununua boti ya namna hiyo, msomaji ajiulize: fundi wa karibu yuko wapi, na nauli ya kumpelekea boti ni kiasi gani? Chombo kisichoweza kukarabatiwa karibu na mwalo wake si imara kwa mwenye nacho.

4. Injini na upondo

Injini ya kawaida ya nje hushuka chini ya kitako. Katika injini nyingi ndogo, rafadha na kinga yake hufika takriban sentimita 20 hadi 25 chini ya kitako. Kwa mfano wetu wa chombo kinachozama sentimita 10, injini itahitaji takriban sentimita 35 za maji, na tukiongeza sentimita 10 za tahadhari tunapata 45. Ikiwa kipimo kidogo cha msomaji ni sentimita 30, asinunue injini hiyo akitumaini kwamba fundi ataipandisha. Mahali pale atalazimika kuiinua na kutumia upondo.

Tatizo la pili ni upozaji. Injini hizi huvuta maji ya nje ili zipoe. Zikivuta tope, pampu yake ya maji huchakaa na njia za maji huziba, kisha injini hupata joto na kuungua. Mhudumu aangalie kila mara kama maji bado yanatoka kwenye tundu la kupozea.

Zipo pia injini za mkia mrefu, zilizozoeleka sana Thailandi, ambazo rafadha yake iko mwisho wa mti mrefu uliolala karibu na usawa wa maji. Nyingi hupozwa kwa hewa, hivyo hazivuti tope, na mhudumu anaweza kuinua rafadha papo hapo akiona kisiki au magugu maji. Kasoro zake ni kelele, na rafadha inayozunguka mbali nyuma ya chombo, ambayo ni hatari kwa aliye majini.

Kwa vyovyote, upondo usikosekane. Kwa tope zito tunashauri upondo wenye panda mwishoni au kibao kidogo, ili usizame na kumvuta anayesukuma.

5. Ukaguzi na jaribio

Asiyeridhika kwa macho ajaribu kwa mikono. Kwa chombo cha mbao, achome mbao taratibu kwa bisibisi chini ya mataruma na kwenye ngama. Bisibisi ikizama kwa urahisi, mbao imeoza hata kama rangi inang'aa. Kwa faiba, agonge kwa sarafu kila mahali. Sauti ikibadilika kutoka kali kuwa butu, huenda tabaka zimeachana au maji yameingia. Kwa aluminiamu yenye ribiti, amwage maji ndani chombo kikiwa juu ya magogo, aone kama yanatoka nje kwenye mstari wa ribiti. Kwa chombo chochote chenye injini, aikamate injini na kuivuta mbele na nyuma; ubao wa nyuma ukicheza, asinunue kabla haujabadilishwa.

Kisha ufuate mtihani ulio bora kuliko yote: jaribio la mzigo. Chombo kipakiwe mzigo halisi, au mifuko ya mchanga ya uzito huo, na kikae majini kwa saa moja. Ipigwe alama mahali maji yanapofika ubavuni, na yapimwe maji yaliyoingia kwenye ngama. Baadaye kipitishwe kwenye njia ile iliyopimwa kwa mti wa alama. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshatoa jibu.

Msomaji aulize pia kama chombo kitaendelea kuelea kikijaa maji. Chombo cha mbao tupu kwa kawaida huelea, lakini injini humvutia chini tezi yake. Faiba na aluminiamu huzama kabisa zisipowekewa visanduku vya hewa au povu gumu lililofungwa vizuri. Hata hivyo visanduku si badala ya jaketi okozi. Kila aliyemo chomboni awe na lake, limefungwa mwilini.

6. Gharama ya kweli

Bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue hesabu ya mfano, ambayo si bei ya soko. Chombo cha kwanza kinauzwa shilingi 1,800,000, kinadumu miaka 3, na ukarabati ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 2,700,000, sawa na 900,000 kwa mwaka. Chombo cha pili kinauzwa shilingi 4,200,000, kinadumu miaka 8, na ukarabati ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 5,000,000, sawa na 625,000 kwa mwaka. Kilichoonekana rahisi ndicho ghali.

Hesabu hiyo iendane na ya mkopo. Ikiwa mkopo ni wa miaka 4 na chombo kitadumu miaka 3, mwaka wa nne mvuvi atalipia chombo ambacho hana. Asiye na uwezo wa chombo cha pili asikimbilie mkopo mkubwa. Mtumbwi mzuri uliolipiwa ni bora kuliko boti mpya inayoweza kuchukuliwa na mkopeshaji.

7. Mapatano ya maandishi

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, pale muuzaji anapofanya biashara ya bidhaa za aina hiyo: bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Lakini maneno ya mdomo yasemwayo mwaloni ni vigumu kuyathibitisha baadaye. Ndiyo sababu tulianza na mti wa alama. Namba zilizopatikana pale ndizo zinazoingia katika karatasi ya mapatano.

Karatasi hiyo, hata ikiwa ya ukurasa mmoja, itaje haya:

- jina na mahali pa muuzaji au fundi, na tarehe;
- maji yatakayotumika, kina kidogo kilichopimwa, na hali ya chini;
- mzigo wa juu kabisa na idadi ya watu;
- urefu, upana, malighafi, unene, na aina ya misumari au viungio;
- injini itakayofungwa na nguvu yake;
- jaribio la mzigo kabla ya malipo ya mwisho;
- muda ambao muuzaji atarekebisha kasoro bila malipo.

Malipo yagawanywe kwa hatua: sehemu ya kwanza kwa malighafi, ya pili chombo kikiwa kimesimamishwa mataruma, na ya mwisho baada ya jaribio. Kila malipo yapewe stakabadhi. Anayelipa yote mwanzoni huwa amekabidhi nguvu yake yote ya kudai.

Chombo kikishapokelewa, usajili na ukaguzi wa usalama visiahirishwe. Chombo cha uvuvi kinatakiwa kusajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Usajili humsaidia mwenye chombo kuthibitisha kuwa ni chake kikiibwa au kukitokea mgogoro.

Maswali ya kujipima

1. Kina kidogo kuliko vyote katika njia yako ni sentimita ngapi, na ulikipima mwezi gani?
2. Chombo unachokitaka kina upana na urefu gani? Kwa mzigo wako, kitazama kiasi gani?
3. Kikitoboka, ni nani atakayekikarabati, na yuko umbali gani?
4. Njia yako inavuka maji wazi? Kama ndiyo, umbo ulilochagua linafaa?
5. Matumizi yako yameandikwa kwenye karatasi iliyotiwa saini na muuzaji?

Msomaji aliyeweza kujibu maswali yote matano yuko tayari kwenda kununua. Aliyekwama kwenye swali la kwanza asiende bado kwa fundi. Aende kwanza majini na mti wake wa alama.